Kipindi cha vijana katika kituo cha afya cha serikali
Nilimpeleka binti yangu wa miaka 14 kwenye huduma rafiki kwa vijana, ambako muuguzi, baada ya kuwagawa kwa rika, aliwaeleza habari za balehe, hedhi na namna ya kukataa kushikwashikwa, bila kumung'unya maneno wala kuwatisha. Maswali waliyaandika kwenye vikaratasi visivyo na majina, na hapo ndipo aibu ilipowatoka. Kasoro ni fedha: bango lilikuwa moja, tena limechanika, na kipindi cha kila Jumamosi sasa hufanyika mara moja kwa mwezi tangu mfadhili aondoke. Tanzania, pamoja na nchi nyingine za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliridhia ahadi ya kuwapa vijana elimu hii mjini Cape Town mwaka 2013. Fungu lake lilistahili kuwamo katika bajeti ya halmashauri. Hata hivyo, mwezi ujao nitamrudisha.