Muuzaji wa komiki za zamani Instagram: mzigo nyota tano, gredi zake nyota mbili

Wapenzi wa komiki za zamani mlioko Mwanza na kanda ya ziwa mnaniuliza sana huyu jamaa wa Dar anayeuza kwa Instagram na WhatsApp yukoje, nimechoka kujibu inboksi mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja. Jina lake silitaji, wanaomjua wanamjua. Kifupi ni kwamba mzigo unafika na hela yako haipotei, ila gredi, yaani ile namba anayoandika chini ya picha kuonyesha komiki iko katika hali gani, usiilipie hata senti.

Namba yenyewe ndo hii: 9/10, 8/10, saa zingine 10/10 na moto juu yake. Ukiona hivyo na umezoea kusoma soma mambo ya wakusanyaji wa nje utadhani anatumia ile skeli ya komiki inayoanzia 0.5 mpaka 10. Hatumii hiyo. Anatumia skeli ya wauza simu. Yule anayekuuzia Samsung ya mtumba akikwambia 9/10 anamaanisha kioo hakijapasuka, inawaka, chaji inaingia, basi. Jamaa naye komiki ikiwa na kava mbele na nyuma na inasomeka ni tisa kwa kumi. Sasa tatizo ni kwamba namba mbili zinafanana sura lakini bei anaipanga kwa ile ya nje, hapo ndo pananiuma.

Maana skeli ya komiki ni kali kinoma. 9.4 ndo wanaita Near Mint, hapo kitabu ni kama kimetoka dukani leo. 8.0 ni Very Fine, bado kimekaza, mgongo umenyooka, vimistari vidogo vya kukunjwa karibu na pini unavihesabu. 6.0 ni Fine, 4.0 Very Good, na usicheke, ile wanayoita Good iko 2.0, yaani ukisikia mtu wa nje anasema komiki yangu ni Good jua imepigika. 1.0 ni Fair na 0.5 ni Poor, hiyo ni ya kuokota vipande. Vigezo hivi havijaanza jana, kile kitabu cha bei cha Overstreet cha Marekani kinatoka tangu 1970 na wakusanyaji wengi wamejifunzia hapo.

Sasa sikia. Nilichukua kwake African Film, zile za picha za Lance Spearman mpelelezi mwenye kofia, za miaka ya 60 mwishoni kwenda 70, kizazi cha baba zetu wanazijua vizuri. Aliandika 9/10 haijaguswa. Picha ilikuwa moja, kava ya mbele, imepigwa kwenye kivuli na ka-filta juu. Bei elfu sitini na tano. Ikaja. Kava kweli inang'aa, siwezi kumsingizia, lakini ukiigeuza mgongo wote umepigwa selotepu ya zamani ile inayogeuka njano na kuacha gundi, karatasi ya katikati imechomoka kwenye pini zote mbili inaelea tu humo ndani, pini zina kutu imeshasambaa kwenye karatasi, na mtu aliyekuwa nayo zamani kaandika jina lake kwa kalamu ya wino ukurasa wa kwanza na mwandiko mzuri kabisa wa shule. Mi hilo jina sina ugomvi nalo, napenda hata. Ila kwa skeli hiyo ni 2.0, ukiwa na huruma sana 2.5.

Nikampigia. Akaniambia, dada angu, hiyo kitu ina miaka zaidi ya hamsini, ulitaka iweje? Na aliuliza kwa upole kabisa, siyo kwa kiburi, kwa hiyo nikajua huyu mtu siyo tapeli, anaamini anachosema. Nikamwambia kaka, gredi haina heshima kwa wazee. Komiki ya 1938 inapimwa kwa rula ile ile ya komiki ya mwezi uliopita, ndo maana zile za zamani zenye namba ya juu zinakuwa na bei ya kutisha, Action Comics namba 1 ya hiyo 1938 nakala yenye 8.5 iliuzwa mnada dola milioni 6 mwaka 2024. Kama umri ungekuwa unasamehewa si zote zingekuwa 10 na bei ingeshuka. Akanyamaza kidogo, akasema hilo sikulijua dada, na jioni yake akanirudishia elfu ishirini na tano kwa M-Pesa na ya kutolea juu. Komiki nikabaki nayo. Wangapi humu mtandaoni wanarudisha hela bila ya wewe kuwatishia polisi?

Ndo maana nasema mazuri yake ni mazuri kweli. Ufungaji wake sijaona kwa mwingine, anaweka komiki kwenye nailoni ngumu safi, kadibodi mbele na nyuma, anaifunga isicheze, kisha boksi, kisha anaandika USIKUNJE kwa maka nyekundu pande zote. Mzigo unapanda basi Dar na kushushwa stendi ya Nyegezi na makonda wanatupia juu yake viroba vya mchele na madumu, na kona zimefika kali kama alivyozifunga. Namba ya risiti ya basi anakutumia hapo hapo, hakuzungushi.

Kuna mama mmoja wa Nairobi nae nachukua kwake, huyu hana Instagram, ni WhatsApp tu na unapewa namba na mtu anayemjua. Huyu haandiki namba yoyote. Anakuandikia hivi: kava ya mbele imechanika kona ya chini kulia kiasi cha ukucha, pini ya juu ina kutu ya chini imebadilishwa, ukurasa wa chemshabongo umejazwa kwa penseli, kurasa zote zipo nimehesabu, ina harufu ya kabati. Alafu picha mbele, nyuma, mgongo na katikati pakiwa wazi. Nilichukua kwake Joe, lile jarida la Nairobi alilolianzisha Hilary Ng'weno na Terry Hirst 1973, ikashushwa stendi ya Nyamhongolo na basi linalopitia Sirari, nikaifungua nikitafuta kosa alilosahau na sikuliona. Yeye ni ghali, na hapunguzi, ukimwambia mama punguza kidogo anakujibu mwanangu nimeshapunguza kwa kukwambia ukweli. Hahaha. Na ana haki, maana nikishasoma maelezo yake gredi naiweka mwenyewe kichwani na huwa haikosei sana.

Hapo ndipo nilipompatia dawa jamaa wa Dar. Usimuulize "iko gredi ngapi", utapewa 9/10 mpaka uzeeke. Muulize ina kasoro gani. Aisee ukimuuliza hivyo anafunguka kama yuko kanisani, kuna toleo moja la Sani, lile gazeti la katuni la hapa kwetu, alilipigia debe 10/10, nikamuuliza tu kasoro zake, akasema kuna kurasa mbili zimeng'atwa na panya pembeni lakini maandishi hayajaguswa, nyuma kuna duara la kikombe cha chai, na kwa kweli dada inanuka mafuta ya taa kidogo. Kumi kwa kumi hiyo! Nikaichukua kwa elfu kumi na nane nikiwa na amani kabisa maana najua nimenunua nini.

Picha mwombe ya nyuma, ya mgongo ukiwa umelazwa mbele ya dirisha mchana bila flashi, maana flashi inafuta mikunjo, na ya katikati pini zikionekana. Ahesabu kurasa. Magazeti ya katuni ya zamani watu walikuwa wanakata kuponi na mashindano wanatuma posta, kava inabaki nzima ndani kuna dirisha. Kama kitu kinazidi laki mwambie akupigie video afungue ukurasa mmoja mmoja, anakubali, ana subira.

Kuna wanaoniambia si ununue tu zile zilizofungiwa kwenye boksi la plastiki gumu na namba juu, za CGC, ile kampuni ya Marekani inayopima komiki na kuzipa gredi, uachane na maneno ya watu. Kwa komiki za Marekani sawa, CGC wapo tangu 2000, ofisi zao ziko Sarasota kule Florida, na lebo zao zinakusaidia, ya bluu ni ya kawaida, ya zambarau imefanyiwa ukarabati, ya njano ina saini iliyoshuhudiwa, na kwenye lebo wanakuandikia hadi rangi ya karatasi kama ni nyeupe au imeanza kuwa krimu. Ila hata boksi siyo msahafu. Mwishoni mwa 2023 wakusanyaji wenyewe waligundua kuna mtu anabadilisha komiki ndani ya yale maboksi, anaweka ya hali ya chini chini ya lebo yenye namba kubwa anauza eBay, mpaka CGC ikatoa orodha ya namba za kutiliwa shaka. Kwa hiyo hata na boksi unaangalia kitu chenyewe. Na kwa Sani, Kingo au Spearman mambo ya boksi tusahau, kuituma Florida na kuirudisha ni hela nyingi kuliko komiki yenyewe, nani atakulipa.

Halafu hizi zetu zina tabia zake ambazo skeli ya nje inazionea. Gazeti la katuni hapa mtu alikuwa analikunja katikati kwa urefu anachomeka mfuko wa nyuma wa suruali, linapita mikono ya mtaa mzima, saluni, gereji, hadi kivukoni. Ule mkunjo wa katikati uko karibu kwenye kila nakala niliyowahi kushika. Mi nikipata isiyo na mkunjo huo naiheshimu hata kama pini zina kutu, na nadhani sisi wa huku tungekuwa na utaratibu wetu wa kuzitaja badala ya kuazima 9.4 za watu ambao komiki zao zilikaa kwenye droo kavu. Ila ndo hivyo, kila mtu na namba zake.

Na kukaa kwenye kitu kavu Mwanza ni mtihani. Tuko juu ya ziwa, unyevu upo muda wote na mvua za masika zikianza kuta za vyumba vya milimani zinatoa jasho. Karatasi zile za bei rahisi zina asidi yake ndani, zinageuka njano na kuwa kama chapati kavu hata ukiziacha tu, mwanga wa jua ndo unazimaliza haraka, na pini zinashika kutu kwa unyevu. Kwa hiyo komiki ikifika 4.0 na wewe ukaiweka chini ya kitanda sakafuni iliyogusana na ukuta, baada ya masika mbili usije kumlaumu muuzaji. Mimi naziweka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko juu ya rafu, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu nimewaomba jamaa wa maduka ya viatu mjini wananiwekea, bure. Nailoni laini ya sokoni msitumie, nyingine zinatoa mafuta yanagandia kava. Jamaa wa Dar anauza mifuko mizuri ile migumu pamoja na kadibodi isiyo na asidi, na hapo gredi yake namkubali maana mfuko ni mfuko.

Kwa hiyo nyota tano kwa mzigo na uungwana, mbili kwa gredi, wastani mnahesabu wenyewe. Cha kusoma na kufurahia cha elfu kumi mpaka ishirini chukueni kwake macho yamefungwa. Cha kuhifadhi, video kwanza. Na kwa sisi wa mkoani anakubali nusu kabla ya kutuma na nusu ukishafungua, ila ni lazima umwambie mapema kabla hajakupa namba ya malipo, ukishalipa yote hapo ni wewe na Mungu wako na konda wa basi.