Vitabu adimu: kuuza au kutunza?

Kijana wa Mwanza unayependa makaratasi ya zamani, njia ziko mbili. Ya kuuza haiboi kabisa, leo unakagua kama toleo la kwanza bado lina kava lake, kesho unafuatilia lilipita kwa nani na nani, ila hela inakuja kwa msimu na wateja huku wachache. Ya kutunza nyaraka ina mshahara, halafu ndo vita yenyewe: unyevu wa ziwa, ukungu, mchwa, wino wa zamani unaokula karatasi taratibu.

Mi nasema tunza kwanza! Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mswada wa riwaya yake kwa Kikerewe 1945, ukakaa zaidi ya miaka 30 ndo ukachapwa kwa Kiswahili, sasa je ungeliwa na mchwa humo katikati? Biashara utaianza hata uzeeni, na jicho la kutambua karatasi utakuwa nalo tayari.