Kukanyaga Barafu Mwezi Machi: Ununue Nini kwa Milima ya New Hampshire

Machi huwadanganya wengi wetu tunaoishi Manchester na Concord hapa New Hampshire, au Portland na Lewiston huko Maine. Mjini jua linawaka, theluji ya barabarani imekwisha, mtu anavaa raba na kuelekea White Mountains. Kumbe kule juu njia imekanyagwa na wapandaji tangu Desemba. Mchana inayeyuka, usiku inaganda tena, mpaka katikati panakuwa ukanda wa barafu ngumu na kandokando theluji tepetepe ya kukuzamisha hadi mapajani. Buti zuri peke yake halitoshi. Huu ndio mpangilio ambao ningempa mdogo wangu.

1. Minyororo yenye meno (dola 60 hadi 85). Anza na hii. Ni mpira unaovutwa juu ya buti, na chini yake kuna minyororo na meno mafupi ya chuma. MICROspikes za Kahtoola zina meno 12 kila mguu, ya kama sentimita moja. Trail Crampon za Hillsound zina 11, lakini ni marefu zaidi na kuna mkanda wa kufunga juu ya buti. Mimi ningechukua za Hillsound kwa sababu ya huo mkanda, maana wakati wa kushuka ndipo mpira huchomoka. Nenda dukani na buti lako la baridi, vaa glavu, kisha jaribu kuivaa. Ukishindwa dukani kwenye joto, mlimani ambako mpira umekakamaa hutaweza. Za bei chee zisizo na jina ziepuke: viungo vya mnyororo hufunguka, nawe uko mbali na gari.

2. Viatu vipana vya theluji, yaani snowshoes (dola 200 na zaidi). Hivi ndivyo vinavyokuzuia kuzama jua likishapanda. Chagua vya mlimani, kama MSR Lightning Ascent: fremu yenye makali, meno chini, na kipande cha chuma kinachoinuliwa chini ya kisigino ili mashavu ya miguu yasiume kwenye mwinuko. Vya kutembelea mashamba tambarare havifai. Kama bei inakuuma, kodi kwanza, ila usiende bila. Mashimo unayoacha ukizama huganda usiku, na kesho yake mwingine anavunjikia mguu humo.

3. Kramponi halisi, yaani fremu za chuma zinazofungwa chini ya buti. Meno 10 au 12 marefu, za chuma cha pua, zinazolingana na ugumu wa soli yako. Ni za miinuko mikali kama Tuckerman Ravine, korongo la Mount Washington, ambako pia utahitaji shoka la barafu, mafunzo na elimu ya maporomoko ya theluji. Usinunue kabla ya kufundishwa.

4. Waya za kuzungusha kwenye soli (dola 20 hadi 30). Zinafaa kukufikisha kituo cha basi. Mlimani zinateleza na kuchomoka.

Maduka mengi hupunguza bei msimu ukielekea kuisha, kwa hiyo kununua viatu vipana kunaweza kungoja, mradi uwe unakodi. Minyororo isingoje. Pesa itakayobaki, toa dola 25 ununue kadi ya hikeSafe ya mwaka: inachangia kazi ya uokoaji New Hampshire, na ukiokolewa hutadaiwa gharama hata kama ulizembea, isipokuwa ulijihatarisha kwa kutojali kabisa au kwa makusudi.