Kubectl kwa bando la Kigoma: njia ipi ya kuisakinisha inalipa

Ukisimamia klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja) ukiwa Kigoma, kwa kawaida klasta yenyewe haiko Kigoma. Iko kwenye seva za Dar es Salaam au ng'ambo, na ulichonacho mezani pale Mwanga ni kompyuta mpakato, simu inayorusha intaneti, na kubectl, programu ya kuipa klasta amri. Maelekezo mengi ya kuisakinisha yameandikwa kwa watu wasiohesabu MB. Hapa tunazipima njia tatu za Ubuntu na Debian kwa macho ya anayenunua bando.

Njia inayopendwa ni ya curl, amri ya kupakua faili: unapakua faili moja kutoka dl.k8s.io, unaiweka /usr/local/bin, basi. Ni fupi kueleza lakini nzito kupakua. Faili hiyo haijabanwa, na matoleo ya karibuni yana MB 50 hadi 60. Mtandao ukikatika ukiwa MB ya 40, amri ileile ukiirudia huanza sifuri. Ongeza -C - ili iendelee ilipoishia:

curl -C - -LO https://dl.k8s.io/release/v1.32.0/bin/linux/amd64/kubectl

Toleo limetajwa hapo kwa makusudi. Ile amri maarufu inayosoma stable.txt huuliza upya toleo la sasa ni lipi kila unapoiendesha. Likiwa limetoka jipya katikati, curl itaunga mkia wa toleo jipya kwenye kichwa cha zamani. Faili itatimia ukubwa na haitafanya kazi. Ndiyo maana ukaguzi wa kubectl.sha256 (faili ndogo ya alama za uhakiki, ipakue kutoka anwani ileile) si wa kuruka:

echo "$(cat kubectl.sha256)  kubectl" | sha256sum --check

Kati ya alama za uhakiki na jina la faili pana nafasi mbili; ziache zote mbili. Kwenye Raspberry Pi ya biti 64 badilisha amd64 iwe arm64, la sivyo utapata "Exec format error".

Njia ya apt, kisakinishi cha Ubuntu na Debian, ndiyo tunayoipa alama za juu, ingawa wengi huiona ndefu. Kifurushi cha deb kimebanwa: ni kama MB 10 au 11 tu kwa programu ileile. Apt huendelea na upakuaji uliokatika, hukagua uhakika wenyewe, na huchagua aina ya prosesa bila kuuliza. Kwanza ongeza hazina ya vifurushi vya Kubernetes:

sudo mkdir -p -m 755 /etc/apt/keyrings
curl -fsSL https://pkgs.k8s.io/core:/stable:/v1.32/deb/Release.key | sudo gpg --dearmor -o /etc/apt/keyrings/kubernetes-apt-keyring.gpg
echo 'deb [signed-by=/etc/apt/keyrings/kubernetes-apt-keyring.gpg] https://pkgs.k8s.io/core:/stable:/v1.32/deb/ /' | sudo tee /etc/apt/sources.list.d/kubernetes.list

Mtego uko hatua inayofuata. Ukiandika apt-get update kavukavu, utashusha orodha za Ubuntu nzima, na faida yote ya kubanwa inaliwa hapo. Iambie isome orodha hii moja:

sudo apt-get update -o Dir::Etc::sourcelist="sources.list.d/kubernetes.list" -o Dir::Etc::sourceparts="-" -o APT::Get::List-Cleanup="0"
sudo apt-get install kubectl

Hicho kipande cha mwisho cha amri ya kwanza kinazuia apt isifute orodha nyingine ulizokwisha kuzilipia. Na ukikuta mafunzo yanayotaja apt.kubernetes.io, yafunge tu: hazina hiyo iligandishwa Septemba 2023 ikaondolewa Machi 2024.

Kasoro ya hazina mpya ni kwamba kila toleo dogo lina anwani yake. Ukiweka v1.32 utabaki 1.32 mpaka ubadilishe namba mwenyewe. Kwetu hiyo ni nafuu, kwa kuwa kubectl haitakiwi kupishana na seva ya klasta zaidi ya toleo dogo moja: klasta ya 1.31 inakubali kubectl ya 1.30, 1.31 na 1.32.

Snap, kisakinishi kingine cha Ubuntu? Hapana. Hujisasisha yenyewe kwa bando lako, na usipoifunga kwenye chaneli ya toleo fulani inaweza kuiacha klasta nyuma bila taarifa.

Kwa ofisi yenye mashine kadhaa, apt-get download kubectl inakupa faili ya deb ya kutia kwenye fleshi. Mwenzako wa Kasulu akiipokea kwa basi, anaendesha sudo dpkg -i, kazi imeisha. Faili ya curl haiji na ruhusa ya kuendeshwa, na fleshi ya FAT haiitunzi; iweke hivi:

sudo install -o root -g root -m 0755 kubectl /usr/local/bin/kubectl

Sasa matatizo yanayosingiziwa usakinishaji. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ya saa, CR2032, imekufa hupoteza saa kila umeme unapokatika, ikarudi miaka nyuma. Curl itakataa cheti, apt itasema faili ya Release bado haijaanza kutumika, na kubectl italalamika kuhusu x509, yaani cheti hichohicho. Watu hufuta na kusakinisha upya, wanachoma bando bure. Angalia date kwanza, washa timedatectl set-ntp true, kisha badilisha betri.

La pili ni ujumbe kwamba localhost:8080 imekataa muunganisho. Huu ni ujumbe mbaya, tunasema wazi, kwa sababu unakufanya utafute seva ambayo haipo. Maana yake ni kwamba kubectl haikuona faili ya mipangilio, hivyo imekisia anwani. Faili hiyo ikae ~/.kube/config, uifungie kwa chmod 600. Ukitumia sudo, kubectl hutafuta kwenye folda ya root, na ujumbe uleule hurudi ingawa kila kitu kiko sawa.

Klasta ikiwa ya k3s (Kubernetes nyepesi), nakili /etc/rancher/k3s/k3s.yaml kutoka kwenye seva, ambako husomwa na root peke yake, kisha badilisha 127.0.0.1 kwa anwani halisi ya seva na uiache bandari 6443 ilivyo.