Spika inavuma mmmm? Nunua hivi kabla hujauziwa kijisanduku cha kusafisha stima

Spika ikianza kuvuma watu wengi hapa Mombasa wanalaumu stima moja kwa moja, wanaingia mjini wanarudi na kijisanduku chenye taa za buluu ambacho muuzaji amewaapia wallahi kinasafisha umeme, wanachomeka, na mvumo uko palepale. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa jua kelele yatoka wapi, maana hivi vifaa vya dukani kila kimoja kinatibu ugonjwa wake.

Kupima ni bure. Washa ampu, yaani mashine inayokuza sauti, shusha sauti hadi sifuri. Kama mvumo haujapungua hata kidogo basi tatizo liko ndani ya ampu yenyewe, mara nyingi ni zile kapasita kubwa, vikopo vya kuhifadhi umeme, za pawasaplai inayoilisha ampu stima, zimechoka. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde, ikishapita kwenye transfoma na daiodi inabaki na mawimbi 100 kila sekunde, na kazi ya hizo kapasita ni kuyalaza, zikikauka unayasikia. Hapo usinunue kitu, mpelekee fundi. Lakini kama mvumo unapanda na kushuka ukizungusha kitufe cha sauti, unaingia kwa nyaya za muziki. Chomoa moja moja. Ukichomoa ya dikoda pakatulia, irudishe, halafu sasa fungua ile waya ya dishi nyuma ya dikoda. Pakitulia tena, ushampata mwizi wako.

Sasa tupange vya kununua, kuanzia chenye faida zaidi.

Namba moja, na wala sina wasiwasi, ni ekstensheni ya maana yenye waya wa ethi wa kweli, ule wa usalama unaoshuka ardhini. Najua haina raha ya kununua, lakini mivumo mingi chanzo chake ni ampu kuchomekwa soketi hii, TV soketi ile ya upande wa pili, dikoda imeshikana na dishi huko juu ya paa, sasa ethi zimekuwa mbili tatu na hazilingani, umeme kidogo unapita kwenye waya wa muziki kutafuta njia na ampu haijui, inaukuza pamoja na taarabu yako. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja na mara nyingi mvumo unapungua au unaisha kabisa. Ila angalia unachouziwa: zipo ekstensheni zenye matundu matatu vizuri na ndani nyaya ni mbili tu. Tazama pini ndefu ya juu kwenye plagi, ikiwa ya plastiki basi ethi hamna, hiyo iko pale kufungua vifuniko vya soketi tu. Ikiwa ya chuma bado usiamini, mwambie muuzaji alete mita, agusishe pini hiyo na tundu la juu la ekstensheni, ikilia tiii lipa. Akikataa kupima, maduka Digo Road ni mengi.

Na kwa sisi wa karibu na bahari, pini zikishashika kutu ya kijani spika zinakwaruzakwaruza kila ukigusa waya. Zifute kabla hujanunua zingine.

Namba mbili ni kitenganishi cha ethi, kile kidude kidogo kinachokaa katikati ya waya wa muziki, ndani kina vitransfoma viwili. Kwa mvumo wa dishi au laptopu inayolia ikiwa kwenye chaja na kunyamaza ikiwa kwenye betri, hiki ndicho dawa, na bei yake si ya kutisha. Cha rahisi sana kitakula besi kidogo, nakwambia mapema. TV na ampu yako zikiwa na tundu la optiko, chukua waya wa optiko badala yake, unapitisha mwanga, umeme haupiti kabisa na mvumo hauna pa kupita.

Usikubali fundi akukatie waya wa ethi ati ndio dawa ya mvumo. Mvumo utaisha, ndiyo, na siku stima ikigusa bodi ya chuma ya ampu atakayepigwa ni mtoto anayeenda kubadilisha wimbo.

Tatu, adapta bora kwa vile vifaa vidogo, risiva ya bluetooth na kadhalika. Chaja za bei ya kutupa zinakatakata umeme kwa kasi kuliko sikio linavyosikia, lakini uchafu wake unavuja kwenye waya wa muziki ukawa zzzzz. Kuijua mbaya ni ipi, chukua redio ya mzee, weka AM, isogeze karibu na kila chaja. Inayoifanya redio ipige kelele ndiyo hiyo.

Nne ni gadi ya volti, ile ya friji au ya TV. Hairekebishi sauti hata chembe. Nunua kwa sababu stima ikikatika na kurudi inarudi kwa fujo, na gadi inasubiri kidogo itulie ndipo iruhusu.

Tano, UPS au inveta, vile vya kukupa umeme wa betri stima ikikatika, na hapa soma boksi: nyingi za bei nafuu zikiwa kwenye betri zinatoa wimbi la ngazingazi, ampu yenye transfoma kubwa inaanza kunguruma yenyewe hata kabla ya muziki. Tafuta ya wimbi safi (pure sine wave), hasa wewe wa sola. Nazo UPS nyingi stima ikiwepo zinaipitisha tu vile ilivyo, kwa hivyo usitarajie usafi wowote.

Kijisanduku cha taa za buluu nakiweka sita. Vizuri vipo na vinachuja uchafu wa stima kiasi, lakini mvumo wa ethi haviugusi.

Mwisho kabisa ni waya nene wa stima wa kifahari. Fungua plagi yake uone, ndani kuna fyuzi ya ampia 13 yenye kiwaya chembamba, na stima yote ya ampu lazima ipite hapo hapo.