Barabara ya Mombasa–Malindi: Ipange kwa Maji, si kwa Kilomita

Anayeshika njia ya Mombasa kwenda Malindi akidhani ataendesha huku bahari iko dirishani, atafika akinung'unika. Katika kilomita 120 hivi, lami inajitenga na ufuo karibu mwendo wote, na maji utayaona sawasawa mara tatu tu: kwenye daraja la Nyali, la Mtwapa na la Kilifi. Kwingine ni maduka, katani ya Vipingo iliyopangwa mistari hadi macho yachoke, minazi, mikorosho, kisha msitu. Uzuri wote uko kwenye njia za kuchepuka. Na machepuko hayo yana saa zake, zinazopangwa na bahari.

Anza kwa kutazama mwezi. Siku za bamvua, yaani moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yamepwa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa safari hii bamvua ndiyo siku yenyewe, kwa sababu inapanga vituo vyote vinne bila kupoteza muda.

Toka Mombasa saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo magari mengi yanaelekea kisiwani na wewe unatoka, na Mtwapa bado haijafungana. Matuta ndiyo ya kuogopa: mengine rangi imefutika kabisa, na huyaoni mpaka gari limesharuka. Panapojengwa, njia ya mchepuko ya wiki iliyopita huenda leo haipo. Kwenye daraja la Kilifi, lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991, usisimamishe gari juu kwa ajili ya picha. Vuka, uegeshe, urudi kwa miguu. Mafuta jaza Kilifi.

Kutoka Kilifi hadi Gede ni kama kilomita 42, na sehemu kubwa upande wa kushoto ni Arabuko-Sokoke, msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, kilomita za mraba 420 hivi. Ukiwa barabarani unaonekana kichaka tu, na wengi huupita wakisema hakuna kitu. Ingia kituo cha msitu cha Gede, kabla kidogo ya kufika njia panda ya Watamu, uchukue kiongozi. Gharama hii usiipunguze. Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 17 hivi, analala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu, na rangi yake ni ya tawi alilokalia. Bila mtu anayejua alikolala jana, utapita mita mbili kutoka kwake usimwone.

Msitu wenyewe ni mitatu ndani ya mmoja. Upande wa barabara ni mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati ni miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe, mahali peupe penye mwanga, na hapo ndipo ndege wengi hupita kwa makundi. Ndani zaidi ni udongo mwekundu na vichaka vizito. Gari hukwama kwa sababu mbili tofauti: kwenye mchanga mweupe wakati wa kiangazi, dawa ni kupunguza upepo wa tairi na kutokanyaga breki ghafla, kwenye udongo mwekundu baada ya mvua, dawa ni kutokwenda. Utelezi ule hata gari la magurudumu manne huuvulia kofia. Tembea polepole usikilize majani makavu: mchakacho wa haraka, kisha mnyama mwenye pua ndefu anaruka na kiuno cha rangi ya dhahabu. Huyo ni sengi. Ikifika saa tatu na nusu, ndege wamenyamaza. Ondoka.

Watamu iko kilomita sita au saba kutoka Gede. Ukifika saa nne maji yakiwa yamepwa, fungu la mchanga limejitokeza na unaweza kutembea hadi karibu na visiwa vya mawe vilivyoliwa chini na mawimbi vikawa kama uyoga. Vaa viatu vya maji. Fuma, wale viumbe wa baharini wenye miiba, hawana huruma. Hifadhi ya bahari hapa ni ya tangu 1968, na matumbawe huonekana vizuri zaidi wakati wa kaskazi. Kwenye kusi maji huwa na ukungu na mwani hujaa ufuoni, kwa hiyo mwenye mashua anayekuahidi maji ya kioo mwezi wa Juni anakuuzia maneno.

Saa sita jua likiwa kali, nenda magofu ya Gede, kwa sababu mji wote umefunikwa na miti. Uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Tafuta kaburi lenye tarehe 802 Hijria, yaani 1399, kisha chungulia visima: kushuka kwa maji yake ni moja ya sababu zinazodhaniwa kuwahamisha wenyeji. Ndizi iache garini, kima wa pale ni wazoefu. Sengi uliyemkosa msituni huenda akakupitia hapa.

Hori ya Mida, mkono wa bahari wenye mikoko na ndege wengi, ni ya saa tisa na nusu, maji yanapopanda. Wengi hukosea hapa. Maji yakipwa ndege wako mbali kwenye matope, vitone tu. Yakijaa, husukumwa kuelekea kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko.

Malindi yenyewe, kilomita 15 mbele, haihitaji siku nzima. Nguzo ya Vasco da Gama, mji wa kale, chakula, basi. Na mvua ikinyesha bara, mto Sabaki huyafanya maji ya bahari ya Malindi kuwa ya kahawia.

Machepuko ya baharini yako kulia unapokwenda, kwa hiyo kila kona ni kukata mbele ya magari yanayokuja. Yale yasiyo na saa yaache ya kurudi, yatakuwa kushoto. Dereva naye ajifunike mkono wa kulia: asubuhi kwenda na jioni kurudi, jua liko upande wake. Abiria wa matatu akae kushoto, na amwambie makanga mapema kituo cha msitu, la sivyo atashushwa Gede mjini.

Korosho za Kilifi onja moja kabla ya kulipa. Zilizokaa huwa na ladha ya mafuta yaliyochacha. Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale yenye misikiti ya mawe karibu na ufuo, siku ya kurudi liko kushoto kabla ya kuingia Mtwapa. Toka hapo kabla ya saa kumi, hasa Jumapili, maana saa kumi na moja foleni ya Mtwapa haisogei.