TAHADHARI: "Dawa ya maji ya kijani" inayouzwa hapa Lubumbashi ni mrututu

Bandugu mnaofuga samaki, wa mitaa ya Kamalondo, Katuba, Kenya, Ruashi, Golf na kwingine kote hapa mjini: msinunue ile chupa ya buluu. Anayeiuza anasema inaondoa maji ya kijani, yaani mwani unaoelea, kwa usiku mmoja bila kugusa samaki, majani wala kamba wa majini. Ni uongo mtupu. Ndani yake kuna mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule unaonyunyiziwa nyanya na viazi shambani. Nina hasira, na nina aibu kuliko hasira, kwa sababu wengi wenu mmenisikia mara ngapi nikisema usitie ndani ya akwariamu, kile kioo cha samaki, kitu usichojua kimetengenezwa na nini. Nimekitia mwenyewe.

Mtaelewa nilivyonaswa nikiwaeleza alichofanya, maana atakifanya tena mbele yenu. Juu ya meza yake kulikuwa na chupa tupu ya mayonezi, ya kioo, imejaa maji ya kijani mazito kama maji ya sombe. Huoni kidole upande wa pili. Akachukua kichupa kidogo chenye maji yasiyo na rangi, akavuta kwa sirinji mililita 2, akatia. Akakoroga kwa kijiko kwa haraka kama nusu dakika, halafu polepole, polepole sana, dakika tano nzima, huku anazungumza. Nilitazama ile chupa sikuondoa macho. Kwanza hakuna kitu. Kisha vikaanza kuonekana vipande vidogo kama maziwa yaliyokatika, vikashikana, vikawa vizito, vikaanza kushuka. Nusu saa haikuisha, juu maji meupe, chini tope la kijani. Akaweka gazeti nyuma ya chupa, nikasoma herufi.

Ndipo akainama, akatoa chini ya meza sanduku la chupa zilizofungwa, mililita 250 kila moja. Hizo zilikuwa na maji ya buluu. Nikauliza mbona rangi si moja. Akajibu bila kusita: "Hii ni konsantre, papa. Ile ya mezani nimeshaizimua na maji." Nikakubali. Jibu hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu limekaa kama kweli: maji ya buluu ukiyazimua sana, rangi hupotea.

Na kwa nini nisimwamini? Maswali aliyoniuliza si ya mchuuzi wa kubahatisha. Aliuliza taa inawaka saa ngapi kwa siku. Nilipomwambia vipimo vya kioo, sentimita 120 kwa 40 kwa 45, yeye ndiye aliyesema hizo ni lita 216 kwa hesabu tu, lakini ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu zinabaki kama 180, na dawa hupimwa kwa hizo 180. Mtu anayejua hilo unamwona fundi. Nikasema nina kamba wadogo wekundu na konokono. Akanyoosha mkono kwenye kiakwariamu chake pembeni, kamba wanatembea juu ya majani ya anubiasi, wazima kabisa. "Hawa wanaishi ndani ya dawa hiyohiyo." Sikuomba aitie mle mbele yangu. Lebo ilikuwa na picha ya samaki na maneno ya Kizungu. Dola 15 chupa moja, mbili kwa 25. Nikachukua mbili.

Sasa ninajua kilichokuwa kwenye meza. Kile kichupa kisicho na rangi kilikuwa shabu, ile ile ya kutuliza maji ya mto. Nimerudia nyumbani: punje mbili za shabu ukubwa wa mchele, zimeyeyushwa kwanza, nusu lita ya maji ya kijani, kukoroga haraka kisha polepole. Yametoka yaleyale, mpaka yale maziwa yaliyokatika. Shabu haiui mwani. Inaushikanisha tu ukazama. Ndani ya akwariamu nayo si salama, maana inakula ule ugumu wa maji unaozuia asidi, na maji laini yanaweza kugeuka makali ghafla. Yaani alionyesha shabu, akauza shaba.

Maelekezo ya lebo: kijiko cha chai, mililita 5, kwa lita 20. Kwa lita 180 ni mililita 45. Angalieni hesabu yake. Gramu moja ya fuwele za mrututu ina karibu miligramu 250 za shaba. Gramu hiyo moja ndani ya lita 180 inatoa shaba miligramu 1.4 kwa lita. Wanaotibu vimelea vya samaki kwa shaba hushika miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, wakipima kila siku kwa kipimo chake, ndani ya chombo cha peke yake, kisicho na mmea wala konokono. Kwa hiyo gramu moja tu ndani ya zile mililita 45 imeshapita kiwango hicho mara saba. Kamba na konokono hufa hata chini ya hicho kiwango cha tiba.

Na ndivyo ilivyokwenda, kwa mpangilio ambao kila aliyetia mrututu atautambua. Baada ya saa chache konokono wanaachia kioo, wanaanguka, wanafunga mlango wa gamba lao. Kamba wanaruka ovyo, kisha wanalala ubavu. Usiku mwani unakufa wote kwa pamoja, na hapo ndipo balaa la pili: uchafu ule unaooza unavuta oksijeni yote, alfajiri samaki wako juu wanahema. Matamvua yao yameshachomwa na shaba, hata oksijeni iliyobaki hawaivuti vizuri. Siku ya pili amonia inapanda, kwangu kipimo kilisoma miligramu 2 kwa lita, kwa sababu maiti za mwani na konokono zinaoza na bakteria wa filta wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitrati wameumizwa na shaba hiyohiyo. Valisineria, mmea wa majani marefu, inayeyuka kuanzia ncha. Na siku ya kumi, tazameni ukatili wake, maji yanaanza tena kuwa kijani, kwa sababu amonia ni chakula cha mwani na sasa hakuna mmea wenye nguvu wa kuigombania.

Aliyekwisha kutia, fanya hivi leo hii. Badili nusu ya maji, kesho nusu tena, keshokutwa nusu tena. Maji mapya yawe na joto la mle ndani, na klorini uiondoe kwa tiosalfeti au uyaache kwenye bidoni wazi saa 24 huku pampu ya hewa inapuliza. Tiosalfeti haiondoi shaba, usijidanganye. Shaba inapunguzwa na mkaa wa filta, ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si makaa ya kupikia. Weka kama gramu 100 kwa kila lita 100, na baada ya siku tatu nne utupe uweke mpya. Pampu ya hewa iwake usiku na mchana. Chakula usitoe siku mbili tatu. Toa kila konokono aliyekufa, hata aliyejificha chini ya jiwe. Kama samaki wanazidi kuhema, wahamishe kwenye beseni la maji masafi. Omba kwa rafiki kipande cha sifongo cha filta yake inayofanya kazi, ukibane ndani ya filta yako ili bakteria warudi haraka. Kamba usirudishe mpaka kipimo cha shaba kisome sifuri, na si mara moja, maana changarawe yenye chokaa huimeza shaba na kuitapika polepole maji yakianza kuwa na asidi. Maji ya kwanza uliyotoa usiyamwage kwenye mfereji unaokwenda mto Kafubu, wala karibu na kisima au bustani.

Na maji ya kijani yenyewe hayahitaji dawa. Ni mwani wa chembe moja moja unaoelea, ndiyo maana kusugua kioo hakusaidii, na sifongo ya kawaida haiukamati. Unatokea mwanga ukizidi na amonia ikipatikana hata kidogo. Hapa kwetu amonia hiyo mara nyingi inatokana na umeme. Umeme ukikatika saa nyingi, ndani ya filta iliyofungwa oksijeni inaisha, bakteria wanakufa na kuoza. Umeme ukirudi, pampu inatapika uchafu wote kwenye akwariamu. Umeme ukikatika zaidi ya saa tatu nne, fungua filta kwanza, suuza sifongo ndani ya ndoo ya maji ya akwariamu, ndipo uwashe. Jambo lingine ni taima ya taa. Ile ya kuzungusha kwa mkono inasimama umeme ukikatika, kwa hiyo baada ya wiki moja taa zinawaka usiku wa manane na dirisha linaongeza mwanga wake mchana. Nunua yenye betri ndani. Na kiangazi, Juni na Julai, jua la hapa linapita upande wa kaskazini. Akwariamu iliyokaa salama mwaka mzima karibu na dirisha la kaskazini inapigwa jua kwa miezi hiyo, na mwenyewe hajui kilichobadilika.

Tiba yake ni giza. Badili nusu ya maji, zima taa na gesi ya kaboni ya kulishia mimea kama unaitumia, funika kioo pande zote kwa blanketi nzito kwa siku nne kamili, pampu ya hewa ikiwaka. Usichungulie, usilishe. Siku ya tano funua, badili nusu nyingine ili utoe mwani uliokufa, safisha filta, anza na taa saa sita kwa siku. Mimea kama anubiasi na kangaga haitaona tabu. Mimea ya shina inayokua haraka itapauka kidogo kisha itarudi. Ukiwa na taa ya miale ya UV ya wati 9 yenye pampu yake, lita 200 zinasafika kwa siku chache bila giza. Kisha jaza mmea unaokula haraka, seratofilamu au saladi ya maji, ifunike hata theluthi moja ya juu mpaka mambo yatulie. Wenye tatizo la mwani wa nywele nyeusi juu ya mawe, hiyo si habari ya giza: zima filta, pulizia kwa sirinji maji oksijene (hidrojeni peroksidi) ya famasi ya asilimia 3, yanayoandikwa voliumu 10, mahali penyewe tu, jumla isizidi mililita 1 kwa lita 4, subiri dakika 15, washa.

Huyu mtu arudishe pesa za watu. Zote. Na kamba na samaki awalipe. Apelekwe polisi na kutoka polisi apelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu huyu hakukosea. Aliandaa chupa mbili za rangi mbili kwa makusudi. Meza yake ifungwe, na wakubwa wa soko wasimpe nyingine mahali pengine. Nimerudi mara mbili, hayupo, majirani wake wanasema yuko safarini. Wanaouza chakula cha samaki karibu naye walijua, mmoja ameniambia kwa mdomo wake kuwa mimi si wa kwanza, na alinyamaza aliponiona nikihesabu dola! Nao waulizwe. Kila aliyenunua aweke chupa yake na asiitupe, ni ushahidi, na tukienda watu kumi kwa pamoja watatusikiliza kuliko mmoja.

Dalili za chupa hiyo? Lebo haitaji kilichomo. Mdomo wa chupa una ukoko wa buluu. Dawa ya majaribio si rangi ya dawa unayopewa. Na akikataa ukimwomba aitie kwenye kamba wake.

Kuhakikisha, chukua msumari wa chuma mtupu, usiopakwa zinki, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uoshe kwa sabuni, utumbukize kwenye kifuniko kilichojaa dawa hiyo. Ukivaa rangi nyekundu ya shaba ndani ya dakika chache, umeshapata jibu. Usipobadilika, bado usiitie. Wangu ulianza kubadilika kabla sijamaliza kufunga chupa. Nimeuhifadhi kwenye karatasi pamoja na chupa ya pili ambayo haijafunguliwa, na Jumatatu navipeleka vyote polisi.